Msafiri Anarudi na Nini?

Kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika, Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa steringi wa sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa kijana aliyesoma Tabora na kuingia katika kazi ya maendeleo ya jamii, alipewa nafasi ya mbele katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili iliyopigwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa ushirikiano na serikali ya kikoloni. Kisa chake ni cha mshamba anayeingia Dar es Salaam akiwa hajui mbele wala nyuma, wajanja wa mjini wanamzunguka na kumchuna. Watazamaji walivunjika mbavu. Januari 1962 mshamba yule yule alipokea uwaziri mkuu kutoka kwa Julius Nyerere, naye pia mwanafunzi wa zamani wa Tabora.

Wahakiki wetu wakitaja Muhogo Mchungu huitaja kama kioja cha kihistoria: kumbe Kawawa, Simba wa Vita, aliwahi kuigiza! Mimi naona filamu hiyo ina uzito kuliko kioja hicho, kwa sababu inatuonyesha utanzu wa hadithi ukigeuzwa kichwa chini miguu juu. Kisa cha mtu wa bara anayeteremka kwenda mjini hakikuanzia kwenye kamera. Kilikuwa na umri wa miaka mingi katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ndiyo iliyokuwa makutano yake. Tofauti ni kwamba huko njiani hakuna aliyemcheka msafiri. Aliyechekwa ni yule aliyebaki nyumbani.

Wageni waliopita Unyamwezi katika karne ya 19 waliandika kwamba kijana ambaye hajabeba mzigo hadi pwani na kurudi alihesabiwa kama mtoto, na kuoa kwake kulikuwa kwa taabu. Safari ilikuwa na mpango wake. Msafara uliondoka kiangazi na ulitazamiwa kurejea watu wawahi kulima. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, amevaa nguo nyekundu na ngozi ya mbega kichwani, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, pembe kubwa zimefungwa njuga ili zilie kwa kila hatua, kisha wabeba nguo, shanga na nyaya, na mwisho wanawake na watoto na vyungu vyao. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwa kirefu kwamba wapagazi hawa walikuwa wafanyakazi wenye kujua thamani yao, wanaogoma posho ikipunguzwa. Waliimba, walitaniana, na wakati wa kuingia mji mkubwa walivaa nguo walizozitunza kwa ajili ya siku hiyo, wakapiga bunduki hewani. Ile ilikuwa tamthilia kamili, yenye wahusika, mavazi na watazamaji waliopanga mstari barabarani. Nayo ilipimwa kwa swali moja: amerudi na nini?

Swali hilo hilo ndilo linalotawala maandishi ya kwanza ya safari katika nathari ya Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na mji karibu na Tabora na alioa katika ukoo wa mtemi wa Unyanyembe, aliandika maisha yake yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na wakati huo, mwaka 1901, Carl Velten alitoa kitabu cha safari za Waswahili. Ukitafuta ndani ya maandishi hayo sifa za milima na machweo, utachoka bure. Utakutana na hongo iliyodaiwa na mtemi fulani, idadi ya doti za nguo alizopewa, bei ya pembe, deni la mhindi wa pwani, wapagazi waliotoroka usiku, mchele uliokwisha. Hii ni hadithi ya mwenye daftari. Msafiri anatoka na mali ya mkopo na lazima arudi kuilipa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sasa linganisha na safari ile ile katika macho ya Hollywood. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century Fox ilitoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Stanley wa kweli alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1871, akajiingiza katika vita vya Waarabu dhidi ya mtemi Mirambo, wakapigwa, na ndipo akazunguka njia ya kusini kwenda Ujiji. Lakini katika utanzu wa filamu za safari, watu kama Mirambo ni kelele za ngoma nyuma ya vichaka. Anayetembea ni mzungu mmoja. Wale mamia wanaobeba chakula chake, risasi zake na kitanda chake wanapita kwenye picha kwa mstari, bila jina, kama sehemu ya mandhari.

Filamu hizo zilikuwa na ukoo wake. Trader Horn ya 1931 ilipigwa Afrika Mashariki, ikafuatiwa na nyingi, zikiwemo King Solomon's Mines ya 1950 na Mogambo ya 1953. Mogambo iliongozwa na John Ford, na Hatari! ya 1962 iliongozwa na Howard Hawks, ikapigwa Tanganyika upande wa Arusha, John Wayne akiwa mkamata wanyama. Ford na Hawks ni mafundi wakubwa wa filamu za kimagharibi, zile za makauboi. Ford ndiye aliyetengeneza Stagecoach mwaka 1939 na The Searchers mwaka 1956. Hawks alitengeneza Red River na Rio Bravo. Walipokuja kwetu hawakubuni utanzu mpya. Walimbadilishia kauboi kofia, farasi akawa gari la kazi, ng'ombe wakawa vifaru, na wenyeji wakapewa nafasi ile ile waliyokuwa wakipewa Wahindi Wekundu, pengine kwa upole kidogo zaidi. Hatari! inachekesha na picha zake za kukimbiza wanyama bado zinatisha, sibishi. Lakini kama unataka kuona jinsi utanzu unavyosafirishwa kama kontena, ukafunguliwa bandari nyingine bila kuguswa kilichomo, itazame filamu hiyo.

Utanzu wa kauboi wenyewe haukukaa mahali pamoja. The Great Train Robbery ya 1903 ilikuwa ni kukimbizana tu. Baadaye ukawa hadithi ya taifa: watu wanakwenda magharibi, wanajenga, hawarudi. Kisha mwaka 1964 Sergio Leone, Mwitaliano, alichukua kisa cha samurai katika Yojimbo ya Akira Kurosawa, ya 1961, akakivalisha mkanda wa bastola na kukiita A Fistful of Dollars. Mpanda farasi wake hana kwao, hana taifa analolijenga, hana hata jina. Yuko pale kwa ajili ya pesa. Kauboi huyo wa Kitaliano ndiye aliyeingia mioyoni mwa vijana wa miji yetu katika miaka ya 1960 na 1970, mhusika Django akiwa mbele, kuliko yule wa Ford. Sioni ajabu. Kwa kijana wa nchi iliyotoka kwenye ukoloni juzi, mjenzi wa koloni la magharibi hana mvuto mkubwa, bali mpita njia anayewafanyia jeuri wenye nguvu anamwelewa mara moja.

Turudi kwa mshamba wetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na Latham waliendesha jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitoa filamu 35 na kuzizungusha kwa lori, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri. Nyingi zilihusu kilimo, afya, kodi, kuweka akiba posta. Moja, iliyoitwa Gumu, ilimfuata kijana wa shamba anayekwenda mjini na kuponzwa na mji. Hapo ndipo safari ya kwenda pwani, iliyokuwa heshima, inaanza kuwa kosa. Utawala uliotaka watu walime na kulipa kodi vijijini, na uliokuwa na sheria ya kuwarudisha makwao "wasiotakiwa" mjini, ulipata katika hadithi hii msaidizi asiyelipwa mshahara. Alichokisema bwana shauri kwa amri, sinema ilikisema kwa kicheko.

Hiyo haina maana kwamba kila mshamba wa sinema alitumwa na serikali. Mwaka 1949 kule Afrika Kusini, Donald Swanson alitoa Jim Comes to Jo'burg. Jim anatoka kijijini, anaibiwa anapoingia jiji la dhahabu, anahangaika na vibarua, kisha anagundulika kuwa ana sauti na anapewa jukwaa, Dolly Rathebe akiimba kando yake. Jim harudi. Jiji limemlipa. Na India, mwaka 1955, Raj Kapoor alitembea kwa miguu kuingia Bombay katika Shree 420, na viatu vyake vilivyochakaa. Jiji linamfanya tapeli, naye anatubu. Watazamaji wetu, waliompenda Raj Kapoor kama ndugu yao, waliona pale kitu ambacho Muhogo Mchungu haikuwapa: mshamba ambaye kosa si ushamba wake. Mwenye makosa ni mji na matajiri wake. Ni kisa kile kile, na mlango wa kuingilia ni ule ule wa njia kuu na kifurushi begani, lakini mwenye kulaumiwa amebadilika, na kwa hiyo hata kicheko kimebadilika.

Baada ya uhuru kamera ilihamia mikononi mwa dola yetu. Tanzania Film Company ilianzishwa 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge. Mtu fukara anakwenda mjini kutafuta maisha, mji unamkataa, anakutana na kijiji cha ujamaa na kupata jibu. Lazima tuseme ukweli ingawa unawachoma baadhi yetu: kwa umbo, hii ni Gumu iliyovaa shati la kijani. Nia zimetofautiana kama mbingu na ardhi. Mkoloni alitaka nguvu kazi, Mwalimu Nyerere alitaka usawa. Lakini wote wawili walihitaji hadithi ya kumrudisha mtu shambani, na utanzu ukawahudumia wote bila kinyongo. Tanzu hazina chama. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ilipoanza kuwakamata wazururaji mjini na kuwapeleka vijijini, mtu yeyote aliyewahi kuona filamu hizo angeweza kuitabiri hatua iliyofuata.

Senegal walikwenda kwingine kabisa. Katika Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, 1973, vijana wawili wanahangaika kupata nauli ya meli kwenda Paris, na saa ya kupanda inapofika, msichana anapanda na mvulana anageuka mbio. Mambéty hakukemea safari wala kuisifu. Aliikata katikati. Sisi kwa miaka ile hatukuwa na filamu yenye ujasiri wa namna hiyo, na sababu ni nyepesi: aliyelipia filamu alikuwa na jambo la kufundisha.

Aliyeuvunja ukiritimba huo hakuwa mwongozaji filamu. Alikuwa ni mtu mwenye kipaza sauti. Kanda za video zilipoenea, mabanda yalichipuka hadi miji ya reli kama Tabora na Kigoma: chumba chenye mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, televisheni juu ya kabati, na mlangoni ubao wa chaki wenye majina ya picha za leo, nusu yake yameandikwa kwa kukosea. Picha zilikuwa za Hong Kong, India na Marekani. Wengi hawakuelewa maneno. Ndipo akaja Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kama Lufufu, na waliomfuata, wakaweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu nzima. Hawakutafsiri tu. Walieleza, walikejeli, walimpa adui jina la mtaani, walimwonya steringi, waliingiza siasa na bei ya sembe. Japani walikuwa na watu wa kazi hii, benshi, waliosimama kando ya pazia enzi za filamu bubu, na wengine walikuwa na umaarufu kuwapita waigizaji. Uganda wanao maviijei, Kenya yupo DJ Afro. Kwa mtu anayejua njia ya misafara, hata hivyo, Lufufu anamkumbusha zaidi kirangozi: anatangulia, anajua njia, anataniana na kila anayekutana naye, na wengine wote wanakwenda kwa mwendo wa sauti yake.

Mabadiliko ya tanzu mara nyingi hutokea hapa, mahali ambapo wasomi hawatazami. Filamu ya kung fu iliyotoka Hong Kong ikiwa hadithi ya kisasi inafika bandani ikiwa vichekesho, kwa sababu msimulizi ameamua hivyo na benchi zima limekubali. Watazamaji wakishazoea kicheko ndani ya ngumi, atakayetengeneza filamu ya ngumi kwa ajili yao atalazimika kuchekesha. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alilielewa hili vizuri. Who Killed Captain Alex? ya 2010 inasambazwa na sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayemzomea na kumshangilia kila anayeonekana, kiasi kwamba ukimwondoa, filamu inabaki mifupa.

Bongo muvi ilipoanza, jambo moja lilitoweka ghafla: barabara. Girlfriend ya George Tyson, 2003, ni ya vijana ambao tayari wako mjini, wanaimba Bongo Fleva na kupendana. Hakuna anayewasili na kifurushi. Filamu zilizofuata zilijifungia sebuleni, kwenye sofa na geti la chuma. Wako wanaolaumu ufinyu wa fikra. Mimi nalaumu bajeti kwanza. Sebule hukodishwa kwa siku mbili, barabara ya kwenda Tabora inahitaji mafuta, vibali na posho za watu wengi, na msambazaji alitaka sehemu ya kwanza na ya pili ziwe dukani upesi. Lakini safari ilirudi kwa mlango wa nyuma. Mussa Banzi alipotengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha, waliokuwa wakisafiri sasa ni wafu na majini. Mtu aliyejificha mjini na simu yake ya mkononi anafuatwa huko huko na mambo aliyodhani ameyaacha kwa wazee. Arusi ya Mariamu ya 1985 ilikuwa imeshaligusa hilo kwa upole: mke wa mjini anayemwogopa mganga ambaye ndiye mwenye dawa yake. Banzi aliondoa upole, akaweka damu. Kati ya Gumu na Nsyuka kuna miaka sabini hivi, na njia imepinduka: zamani mji ulimwita mtu wa shamba umwangamize, sasa shamba linamfuata mtu wa mjini limdai.

Na steringi mkubwa wa kizazi hicho, Steven Kanumba, alikuwa mzaliwa wa Shinyanga, kaskazini tu ya Tabora. Maisha yake yenyewe ndiyo Muhogo Mchungu iliyofanikiwa: mtoto wa bara aliyeingia Dar es Salaam na mji ukamwinamia. Alipofariki Aprili 2012, maelfu walijaa barabarani kumsindikiza.

Mwaka huo huo Kenya ilitoa Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga. Mwas anauza diski za filamu kijijini, na ili kuziuza anaigiza vipande vyake mbele ya wateja, msimulizi wa banda bila banda. Anapanda basi kwenda Nairobi awe mwigizaji. Saa chache baada ya kushuka ameshaporwa kila kitu. Mtu wa miaka ya 1950 angekaa kwenye benchi letu akacheka mahali pale pale alipocheka kwa Kawawa, kisha kicheko kingemkwama, kwa sababu filamu inakataa kumrudisha Mwas nyumbani kujifunza adabu. Anakuwa mwizi usiku na mwigizaji mchana, marafiki zake wanauawa na polisi, naye anapanda jukwaani. Ni Jim wa Johannesburg asiyekuwa na bahati. Kwa maoni yangu ndiyo filamu bora ya ukoo huu katika Afrika Mashariki, hasa kwa kuwa imekusanya historia yote ya utanzu ndani ya mhusika mmoja bila kuitangaza.

Kinachokosekana bado ni safari yenyewe, ile ya miguu, ikisimuliwa na waliotembea. Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, 1990, ilijaribu kumpa Sidi Mubarak Bombay nafasi, Paul Onsongo wa Kenya akimwigiza, lakini hadithi ikabaki ya wazungu wake, Burton na Speke. Bombay halisi alisafiri na Speke, na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron. Mtu mmoja ameongoza misafara ya wote hao, na katika filamu bado ni msaidizi!

Ipo hadithi moja ambayo ingeweza kutengenezwa kesho asubuhi, na nusu yake iko Tabora. Livingstone, yule yule ambaye Stanley alimfuata Ujiji, alifariki 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wa msafara wake, Susi, Chuma na wenzao, waliikausha maiti na kuibeba. Oktoba walifika Kwihara wakamkuta Cameron, mzungu mwenye cheo, aliyewashauri wamzike palepale. Walikataa. Mbele ya Tabora wenyeji waligoma kupitisha maiti, hivyo wakajifanya wameirudisha kuzikwa, kumbe wameifunga upya ikafanana na robota la nguo, wakapita nayo kama mzigo wa kawaida wa biashara. Kuna utanzu wa barabara humo, kuna vichekesho, kuna filamu ya kutisha, na hakuna sebule hata moja.

Anayesoma haya akiwa na kamera na yuko Tabora, njia hiyo inaanzia mlangoni kwake, na mwisho wake tayari umeandikwa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, Waingereza wakaupokea mzigo, wapagazi wengi wakalipwa ujira wao na kuambiwa kazi imekwisha. Mmoja wao, Jacob Wainwright, peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi ya Westminster Abbey yakiwa yameshapita.